Shule ya Unesi: ya Kutwa au ya Jioni?

Hotuba ya Mama Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Dayton, Ohio

Hiyo sauti ni ya watu wenye njaa. Pilau iko njiani, nivumilieni kidogo.

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Pili nawashukuru waliotuazima ukumbi huu wa chini ya kanisa kwa miaka yote hii bila kutudai hata senti ya umeme, wakati wengine wetu wala si wa kanisa hili. Historia ya kikundi tangu 2015, tulivyoanza kumi na mmoja tukizunguka meza ya jikoni na kopo la maziwa lenye kufuli, katibu ameisoma yote kwenye risala yake. Sitairudia. Mimi nimepewa dakika kumi na tano niseme juu ya elimu, na wenye kunijua mmeshaanza kucheka, maana mwenyekiti wenu ameishia darasa la saba huko Kigoma. Ni kweli. Lakini mtu anayeuza viatu si lazima awe na miguu mingi. Simu yangu ndiyo inayopigwa saa nne usiku, na swali ni lile lile: Mama, nimekubaliwa shule ya unesi, niende ya kutwa au ya jioni?

Kwa wageni wetu nieleze kidogo. Wengi wetu tulipofika hapa Dayton, mimi nikiwa nimetoka kambini mwaka 2008 na watoto wanne, kazi tuliyoipata ni nyumba za wazee. Unasoma masaa 75, unafanya mtihani, unapata cheti cha CNA, ile ambayo hapa Ohio tulizoea kuiita STNA. Kuogesha, kugeuza, kulisha, kubadilisha mashuka. Ni kazi ya heshima na sitamruhusu mtu aidharau mbele yangu, mimi mgongo wangu umebaki huko. Ila mshahara wake unajulikana. Juu ya CNA kuna nesi wa LPN, huyu ndiye anayegawa dawa, anayefunga vidonda, anayepima sukari, akiwa chini ya nesi mkuu wa RN. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2023, CNA wa katikati katika Marekani yote alipata kama dola 38,000 kwa mwaka, na LPN zaidi ya dola 59,000. Kwa hiyo msishangae kwamba katika kikundi cha akina mama arobaini na tatu, neno LPN linatajwa kuliko neno harusi.

Sasa shule yenyewe. Ya kutwa ni kama mwaka mmoja, unaingia asubuhi unatoka mchana au alasiri, siku nne au tano za wiki, na ndani yake mna siku za mafunzo ya vitendo hospitalini au nyumba ya wazee, ambazo mara nyingine zinaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ya jioni ni kama mwaka na nusu mpaka miwili, unaingia baada ya kazi, na mafunzo ya vitendo yanawekwa Jumamosi au Jumapili. Masomo ni yale yale. Mtihani wa mwisho ni ule ule wa NCLEX-PN, unakaa mbele ya kompyuta, maswali si chini ya 85 wala si zaidi ya 150, na leseni ni ile ile. Hakuna mgonjwa atakayekuuliza kama ulisoma mchana au jioni.

Basi kama ni hivyo, ugumu uko wapi?

Nitasema jambo ambalo halikuandikwa kwenye risala ya katibu. Nilimwomba mhusika ruhusa, akaniambia sema, lakini usitaje jina langu, na leo sitakuja. Nimeheshimu yote mawili.

Mwaka 2018 mwenzetu mmoja, kati ya wale kumi na mmoja wa kwanza, alikubaliwa shule. Alikuwa peke yake na watoto watatu, mdogo wa miaka minne. Akaja kwangu na swali hilo hilo. Mimi, bila kuuliza mengi, nikamwambia: mwanangu, nenda ya kutwa, mwaka mmoja si kitu, ukifumba macho umeisha. Nikamwona yule wa jioni kama mtu anayeogopa maji akachagua kunawa vidole. Kikundi kikamkopesha dola 3,000 kwa furaha na vigelegele, na kwa kanuni yetu ya siku hizo akatakiwa kuanza kurudisha mwezi uliofuata, dola 250 kila mwezi kwa mwaka mzima.

Jamani, hebu tazameni tulichokifanya. Mtu tumemwambia aache kazi ya wiki nzima, abaki na zamu za Jumamosi na Jumapili tu, kisha katika mwezi ule ule mshahara wake unapopungua zaidi ya nusu, sisi tunafungua mkono tunasema lete 250. Hiyo kanuni tuliitunga kwa ajili ya mikopo ya biashara. Aliyenunua vitenge anaviuza mwezi huo huo, anarudisha. Mwanafunzi anauza nini? Hana cha kuuza mpaka siku anapopata leseni.

Mwezi wa nne akaanza kuchelewa. Na sisi, kwa desturi yetu, tukasoma jina lake mbele ya mkutano. Mimi ndiye niliyelisoma. Akanyamaza, akaongeza zamu mbili za usiku ili alipe. Anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, anaingia darasani saa mbili. Mwezi wa saba mtoto akaugua, akakosa siku ya mafunzo ya vitendo, akakosa na ya pili. Sasa siku za vitendo si kama darasa ambalo utaazima daftari la jirani. Masaa yake yanahesabiwa, ukiyapungukia huwezi kumaliza. Shule ikamtoa. Ada ya muhula haikurudi. Deni letu alilimaliza mwaka 2020, kila dola, kisha akaondoka kikundini. Nilipomfuata nyumbani kumwomba msamaha aliniambia neno moja ambalo nimekaa nalo mpaka leo. Alisema, Mama, mlinipa pesa, mkaninyima muda.

Sikumjibu. Ningemjibu nini?

Kuna wanaosema kosa lilikuwa lake kuchagua ya kutwa. Hata mimi nilijifariji hivyo kwa muda, nikageuka kabisa nikawa mhubiri wa shule ya jioni. Kila aliyenipigia nilimwambia ya jioni, ya jioni, shika kazi yako. Ndipo akaja wa pili, akaanza mwaka 2021. Huyu yupo hapa, ameketi karibu na mlango kwa sababu leo tena ana zamu, naye jina lake nitaliacha ingawa nyote mnaanza kugeuza shingo. Alifanya kazi masaa thelathini na mawili kwa wiki na kusoma jioni nne. Bima ya afya ya kazini hakuipoteza. Mkopo wetu alirudisha bila kuchelewa hata siku moja. Na amemaliza, ni LPN, mpigieni makofi.

Lakini mwulizeni imemgharimu nini. Majira ya baridi mawili kamili, usiku, barafu, akitoka darasani saa nne kasoro. Mwezi wa Februari wa mwaka wa pili alisinzia kwenye usukani barabara kuu ya 75, gari likaingia mtaroni. Hakuumia, sifa kwa Mungu. Gari liliumia. Mwanawe wa kidato cha pili alifeli hesabu mwaka huo, na mama hakujua mpaka barua ilipokuja, kwa kuwa walikuwa wanaonana Jumapili tu. Aliniambia mwenyewe: Mama, ya jioni si rahisi, ni uchungu ule ule umekatwa vipande vidogo. Na katika darasa lake walioanza wengi hawakufika mwisho. Njiani miaka miwili mtu anapata mimba, mume anapata kazi Indiana, mama anafariki nyumbani Uvira au Kasulu inabidi usafiri. Mwaka mmoja nao unaweza kukutupia hayo, lakini miwili inakutupia mara mbili. Tena madarasa ya jioni katika shule nyingi hayaanzi kila muhula. Ukianguka somo moja unaweza kungoja mpaka kundi lingine lianze.

Mweka hazina wetu, ambaye yeye amesoma, alichukua kipande cha boksi akatufanyia hesabu. Nimeomba ichapwe kwenye kitabu hiki kwa sababu kile kipande cha boksi kimeanza kuliwa na mende. Ni mfano tu, kila mtu aweke namba zake. Chukua CNA wa dola 17 kwa saa, masaa arobaini. Akienda ya kutwa akabaki na masaa kumi na sita ya mwisho wa wiki, kila wiki anakosa dola 408. Kwa wiki 48 ni dola 19,584. Akienda ya jioni kwa miezi ishirini na miwili huku akifanya masaa thelathini na mawili, kila wiki anakosa dola 136 tu, lakini kwa wiki 88, yaani dola 11,968. Hapo mtu anasema, si mnaona, ya jioni ni nafuu. Ngoja. Yule wa kutwa amemaliza miezi kumi mapema. Tuseme analipwa dola 28. Kwa hiyo kila wiki anapata dola 440 zaidi ya CNA wa masaa arobaini. Kwa wiki 43 ni dola 18,920. Jumlisha hizo kwenye hasara ya wa jioni, inafika dola 30,888, dhidi ya 19,584 ya wa kutwa. Kodi hatukuitia.

Mimi nilipoiona hesabu ile niliinuka nikaenda kunywa maji. Maana yake kwa karatasi ya kutwa ndiyo yenye faida. Ila faida yake inakuja mwisho, na hasara yake yote inakuja ndani ya mwaka mmoja, na kodi ya nyumba haingoji mwisho. Mwenye mume anayefanya kazi, au mama mzazi wa kukaa na watoto, au akiba ya miezi kadhaa, huyo anaweza kuumeza mwaka ule. Asiye na kitu cha kumshika atachukua ya jioni, alipe zaidi kwa jumla, na avunje mgongo. Ndiyo kusema maskini ananunua shule ile ile kwa bei kubwa kuliko mwenye nafasi. Na kikundi hiki, akina mama, tulikianzisha kwa sababu gani kama si hiyo?

Kabla sijafika kwenye ombi langu, kuna mambo ambayo nimejifunza kwa kuulizauliza ofisi za watu, nayasema ili msiyajue kwa kuchelewa kama mimi.

Ruzuku ya Pell ya serikali kuu ni pesa isiyorudishwa. Kiwango cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka wa masomo tangu 2023, na mwenye grinikadi anaweza kuomba, mradi shule na kozi yenyewe viwe vimekubaliwa katika mpango huo. Lakini inapimwa kwa wingi wa masomo. Anayesoma nusu kwa kawaida anapata pungufu kwa mwaka. Kwa hiyo usimwulize mtu wa ada shule ni kiasi gani tu, mwulize na Pell yangu itakuwa kiasi gani nikisoma jioni. Wanaopata msaada wa chakula nao waangalie. Mwanafunzi anayesoma nusu muda au zaidi ana sheria zake, kwa kawaida anatakiwa afanye kazi masaa ishirini kwa wiki, na mzazi aliye peke yake mwenye mtoto chini ya miaka kumi na miwili anasamehewa sharti hilo akiwa anasoma muda wote. Mmesikia hapo? Muda wote. Kuna mama ambaye kwa kuchagua ya jioni anaweza kujikuta chini ya sharti ambalo angesamehewa kama angekwenda ya kutwa. Nenda kaunti na karatasi ya ratiba mkononi kabla hujaweka sahihi shuleni, maana sheria hizi zinabadilika, na kwa sisi tuliokuja kama wakimbizi zimebadilika tena mwaka 2025.

Nyumba za wazee nyingine zinajitolea kulipa ada. Ni vizuri, ila zinakufunga uwafanyie kazi muda fulani baadaye. Lete mkataba tuusome pamoja. Nina miwani, na binti yangu ana Kiingereza.

Na hili naomba vijana mlitie akilini. Kuna wanaokuja na njia ya tatu, si ya kutwa wala ya jioni, eti miezi michache unapata diploma. Mwezi wa Januari 2023 serikali kuu ilitangaza kesi ya huko Florida, watu 25 walishtakiwa, na diploma na karatasi za masomo za uongo za unesi zaidi ya 7,600 zilikuwa zimeuzwa. Walionunua walilipa maelfu ya dola, na wengine wakapoteza leseni baadaye. Orodha ya shule zilizokubaliwa iko kwa Bodi ya Unesi ya Ohio, na kuitazama hakuna malipo. Shule isiyomo humo, hata kama msemaji wake anaongea Kiswahili kizuri kuliko changu, tusimkopeshe mtu kwenda huko.

Kwa wale ambao kama mimi hawakufika sekondari, mlango wa kwanza ni GED, mitihani minne, hesabu, lugha, sayansi na mambo ya jamii, kila mmoja upate 145. Madarasa ya Aspire hapa Ohio ni ya bure. Mimi nimepita wa mambo ya jamii. Hesabu imenishinda mara mbili. Msicheke sana, hesabu ya kikundi mimi siandiki, anaandika mweka hazina.

Sasa ombi. Kwenye mkutano wa mwezi ujao nitaleta mabadiliko ya kanuni ya mikopo ya shule, na nayasema leo mbele ya wageni ili nisije nikarudi nyuma. Naomba mkopo wa shule usianze kurudishwa mpaka miezi mitatu baada ya kupata leseni, au miezi mitatu baada ya kuacha shule kwa sababu yoyote. Naomba jina la mwanafunzi lisisomwe mbele ya mkutano. Na kwa anayekwenda ya kutwa, naomba tuwe na zamu ya watoto, kila familia yenye gari itoe jioni moja au asubuhi moja kwa mwezi. Tukiwa arobaini na tatu, si mzigo.

Najua wapo wasiokubali, na sababu zao si za kijinga. Mmoja wa waasisi, ninayemheshimu kama dada yangu, ameniambia wazi kwamba hela itakaa nje miezi kumi na minane au zaidi, na wanaosubiri mikopo ya mazishi na ya nauli watalia. Ni kweli. Mweka hazina anasema tukikubali, hatuwezi kukopesha wanafunzi zaidi ya watatu kwa wakati mmoja. Na maombi yaliyopo mezani ni matano. Kwa hiyo hata tukipitisha, itabidi kuwaambia wawili wangoje, na kati ya hao watano mmoja ni binti yangu wa mwisho. Siku ya kuchagua mimi nitatoka nje ya chumba, makamu ataendesha mkutano.

Yeye binti aliniuliza juzi swali lile lile, kutwa au jioni. Kwa mara ya kwanza sikujibu haraka. Nilimwuliza nani atakaa na mtoto, bili ya nyumba nani atalipa mwezi wa tano, na kama gari lake lina matairi ya baridi. Tulikaa mpaka saa sita usiku, hatujamaliza.

Karatasi za maoni ziko kwa katibu pale karibu na birika la chai, chukueni, andikeni hata kwa Kirundi au Kibembe, tutasomeana. Na yule mwenzetu ambaye hakuja leo, nakala ya kitabu hiki nitampelekea mwenyewe kwa mkono wangu Jumatatu.

Naona pilau imeingia.